Samaki wa Mwamba Sebuleni: Ziara Yetu ya Bofu

Swali lilitufikia kutoka kwa mama mmoja wa Bofu, Likoni, nalo lilikuwa fupi: je, yafaa Muislamu kuwaweka samaki wa baharini ndani ya hodhi la kioo nyumbani mwake, si kwa kuwala bali kwa kuwatazama? Ada yetu ni kuyajibu maswali ya namna hii katika ukurasa wa nyuma kwa mistari minne au mitano, tukataja asili ya jambo na sharti zake, kisha tukamwachia muulizaji na dhamiri yake. Safari hii mistari minne tuliiona haitoshi, kwa sababu chini ya swali lile palikuwa na sentensi ya pili: "Sheikh, tangu Ramadhani tumeshazika kumi na mmoja." Walimu wetu walitufunza kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukijua kilivyo. Basi tukaona ni wajibu tuende tukakione.

Tulivuka Jumamosi asubuhi, sisi na ahali yetu, kwa kuwa mume wa mama yule yuko safarini na si adabu kuingia nyumba ya mtu kwa namna nyingine. Feri ya Likoni haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Mombasa. Kwa wale wa Lamu na Tanga ambao jamaa zao huwapelekea jarida hili, tutasema tu kwamba waendao kwa miguu hawatozwi kitu, na kwamba ukitoa msikiti, hatujui mahali pengine katika mji huu ambapo wakili na muuza mchicha husimama bega kwa bega bila ya mmoja kuuliza mwenzake kafikaje pale.

Bofu ni moja katika wadi tano za Likoni, pamoja na Mtongwe, Timbwani, Likoni yenyewe na Shika Adabu, jina ambalo tungependa litundikwe pale feri watu wanapokimbilia kushuka. Ras Bofu ndiko lilikofikia lile daraja la kuelea lililotoka Liwatoni, lililofunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2021, siku za korona, ili watu wavuke kwa miguu badala ya kubanana. Ukisimama huko unatazamana na bandari ya Kilindini: winchi, makontena yaliyopangwa kama matofali, na meli ndefu inayopita karibu mno hata unaweza kuwaona mabaharia wakianika nguo. Maji yake ni marefu na yana mkondo, ni maji ya njia ya meli. Mwamba wa matumbawe uko upande wa pili wa Likoni, ule unaoelekea bahari kuu, kuanzia Shelly Beach ukiteremka kusini kuelekea Tiwi na Diani. Tunalitaja hili kwa sababu watoto wengi wa Bofu wamezaliwa mita chache kutoka majini na hawajapata kumwona samaki wa mwamba akiwa hai. Ndiyo maana tulipofika nyumba ile tulikuta vitoto saba vya majirani vimekaa chini mbele ya kioo, vimenyamaza kimya, jambo ambalo sisi tuliosomesha chuoni kwa zaidi ya miaka ishirini hatukuwahi kulipata kwa bakora wala kwa peremende.

Hatutaki kuwaficha wasomaji: ni kitu kizuri kukitazama. Hodhi lenyewe ni la lita mia mbili hivi, limewekwa pale ambapo nyumba nyingine huweka kabati la vyombo. Ndani yake mlikuwa na mchanga mweupe, mawe ya mwamba, kitatange mmoja mdogo wa manjano na buluu, na wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe ambao watoto wa leo wote wanawajua kwa sababu ya filamu ya katuni ya Finding Nemo iliyotoka mwaka 2003. Taa ya buluu juu, mapovu yakipanda. Mtu akisema subhanallah mbele ya kioo kile hakukosea.

Mama alitueleza ilivyoanza. Mumewe hufanya kazi Dubai, na huko katika jumba kubwa la maduka kuna hodhi la samaki lililofunguliwa mwaka 2008, lenye lita milioni kumi za maji, na papa ndani yake. Alilitazama kila Ijumaa aliyopata nafasi. Aliporudi likizo alitaka watoto wake waone walau sehemu ya alichokiona baba yao. Akanunua kioo, pampu na taa, akajaza maji ya bahari kwa mitungi, na jioni ile ile akatia samaki sita walioletwa na kijana mzamiaji. Baada ya juma moja walibaki wawili.

Hapa ndipo tulipojifunza jambo. Samaki huyu hakufa kwa njaa wala kwa maji kukosa chumvi. Amekufa kwa uchafu wake mwenyewe. Baharini, mkojo wa samaki hutoweka katika maji yasiyo na mwisho. Ndani ya kioo hubakia na kuwa amonia, sumu ile ile inayochoma pua katika choo kisichosafishwa. Kinachoiondoa ni bakteria wasioonekana wanaoishi katika mchanga na mawe, ambao huigeuza hatua kwa hatua mpaka iwe kitu kisicho na madhara makubwa, na bakteria hao huchukua wiki kadhaa kukaa na kuzaana. Anayejua kazi hii huliacha hodhi bila ya samaki kwa mwezi au zaidi, akilitazama likiwa tupu. Asiyejua hutia samaki siku ya kwanza. Kisha kuna joto letu, ambalo huyafanya maji yapungue na chumvi ibaki, hivyo maji yakawa makali siku hata siku mpaka yaongezwe maji baridi yasiyo na chumvi kwa kipimo. Na juu ya yote kuna stima. Pampu ikizimika saa tatu au nne usiku wa joto, hewa ndani ya maji humalizika, na asubuhi hukutwa samaki wameelea.

"Kila anayekufa," alisema mama, "baba yao huniambia kwa simu nimwite yule kijana alete mwingine, watoto wasihuzunike. Nami nalipa. Lakini Sheikh, juzi wa mwisho alipokufa, mwanangu hakulia. Alisema tu, 'Mama, tupige simu.'"

Kakake, aliyekuwa amekaa nasi, alicheka. Mama hakucheka.

Asili ya jambo hili ni ruhusa, na tulianza hapo, kwani hatupendi mtindo wa kuwatia watu hofu kabla ya kuwapa elimu. Katika Suratul Maida, aya ya 96, Mola ametuhalalishia mawindo ya bahari na chakula chake, akayafanya kuwa manufaa kwetu na kwa wasafiri. Na kuhusu kumfuga kiumbe kwa ajili ya kufurahika naye, kuna ile hadithi mashuhuri ya Abu Umayr, mdogo wake Anas, aliyekuwa na kijindege cha kuchezea. Kilipokufa, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimliwaza mtoto yule kwa kumuuliza habari za ndege wake. Ibn al-Qass, katika wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliandika risala nzima juu ya hadithi hiyo fupi na kutoa humo faida zaidi ya sitini. Mojawapo ni kwamba mtoto anaweza kuwa na ndege wa kufurahika naye. Na al-Qaffal alipoulizwa juu ya kuwafungia ndege tunduni ili kusikiliza sauti zao, alijibu kuwa yafaa, ikiwa mwenye ndege atawatimizia wanachohitaji, kwani wao ni kama mnyama aliyefungwa kamba. Yaliyojuzu kwa sauti ya ndege hatuoni kwa nini yasijuzu kwa rangi ya samaki.

Lakini sharti ya al-Qaffal ndiyo nusu ya jibu lake. Mnyama aliyefungwa kamba hana njia ya kujitafutia, na kila kilichokuwa juu yake kimehamia juu yako. Wasomaji wanaikumbuka hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: hakumlisha, wala hakumwacha ajilie wadudu wa ardhini. Na al-Izz ibn Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, alipozihesabu haki za wanyama juu ya binadamu, alitaja kwamba wapewe matumizi yao hata wakizeeka au wakiugua na wasiwe na faida tena, na kwamba wasichanganywe na wenye kuwadhuru, wawe wa jinsi yao au wa jinsi nyingine. Hakuwa na hodhi la kioo mbele yake, lakini mwenye hodhi lolote atakwambia kwamba vita vya samaki wawili wa jinsi moja ndani ya lita mia mbili ni katika mambo yanayoua zaidi. Baharini aliyeshindwa hukimbia. Ndani ya kioo hana pa kukimbilia ila pembeni, na huko hufuatwa mpaka mapezi yaishe.

Na kuna ndege mwingine. Ameipokea Abu Daud kutoka kwa Ibn Masud: masahaba walikuwa safarini, wakaona ndege mdogo mwenye makinda mawili, wakayachukua makinda. Mama yao akaja akipigapiga mbawa juu ya vichwa vyao. Mtume alipofika akauliza ni nani aliyemfadhaisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru warejeshwe. Basi huyu wa Abu Umayr alikuwa nyumbani na hakukatazwa, na hawa wa safarini wamechukuliwa kiotani na wakarudishwa. Kwa maoni yetu swali la mama wa Bofu liko katikati ya ndege hawa wawili. Hatuwezi kulijibu kwa kutazama kioo peke yake. Inapasa kutazama alikotolewa samaki, na alivyotolewa.

Kwa hiyo saa nne asubuhi, maji ya bamvua yakiwa yametoka, tulikwenda Shelly Beach kuonana na kijana mzamiaji. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye kovu la tasi mkononi. Alitwambia kazi aliifunzwa na mjomba wake. Wavu mwembamba huzungushwa kwenye jabali, samaki huswagwa taratibu mpaka waingie, kisha hukamatwa mmoja mmoja kwa kimia cha mkono na kutiwa ndooni. Akiwa ametolewa maji marefu, samaki hupandishwa kwa kituo, maana kibofu chake cha hewa huvimba akipandishwa haraka. Wengine wenye papara humtoboa kwa sindano. Wanaopelekwa nje hawalishwi kwa siku moja au mbili ili wasiyachafue maji ya safari, kisha kila mmoja hutiwa katika mfuko wake wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, mifuko hupangwa ndani ya maboksi, na maboksi hupakiwa ndegeni kwenda Ulaya, Marekani na kwingineko. Anayekufa kabla ya kufika kwa mnunuzi, mzamiaji halipwi.

Biashara hii si mpya katika pwani yetu. Ina miongo kadhaa, na wenye kuifanya kwa halali huwa na leseni ya idara ya uvuvi. Wala si ya Kenya pekee. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba samaki milioni 20 hadi 24 wa baharini huuzwa kila mwaka duniani kwa ajili ya mahodhi, wa aina 1,471. Tofauti yao na samaki wa maji baridi ni kubwa. Wale wa mito na maziwa karibu wote huzalishwa mashambani kama kuku, ilhali hawa wa chumvi wengi wao hutolewa baharini, kwa sababu vitoto vyao ni vidogo mno na huelea mbali, na ni aina chache ambazo mwanadamu amefaulu kuzilea kutoka yai. Samaki wa mikanda myeupe ni mmoja wa hao wachache. Kitatange, kwa jumla, si katika hao.

Tulimuuliza kuhusu sumu. Huko Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wavuvi walizoea kunyunyiza sianidi katika mashimo ya mwamba ili samaki walewe na kushikika kwa urahisi. Samaki huondoka hai, akafa siku za baadaye katika nyumba ya mtu asiyejua sababu, na matumbawe yaliyonyunyiziwa hufa pale pale. Kijana alishangaa kwamba mtu atumie sumu kumkamata samaki anayetaka abaki hai. Alisema wazee wake walitumia utupa katika vidimbwi vya mwambani, lakini hao walikuwa wakienda kula. Sheria yetu hukataza zote mbili.

Hapa inafaa tuseme neno kwa ajili yake, maana ni rahisi kwetu sisi wenye mishahara kumhukumu mtu aliyelowa. Kitatange hana thamani chunguni. Ni miba na ngozi. Kijana huyu hamchukui samaki wa mtu wa kula. Hatumii baruti, havuti juya linalokokota na kuvunja. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu katika msimu mmoja, na hakuna mzamiaji mwenye kimia aliyelileta joto lile. Ana watoto wanne, mmoja yuko kidato cha pili. Wavuvi wa mitego, hata hivyo, wana lao. Mmoja aliyekuwa akitengeneza dema chini ya mkungu alidakia kwamba hawa wazamiaji huja na chupa zao za hewa, huwatisha samaki, huchagua wazuri na kuondoka, na kwamba wageni wa kazi hiyo hawaulizi wenyeji wa ufuo. Kijana alimjibu kwa heshima, "Ami, mimi ni mwenyeji." Mzee akasema, "Wewe, ndiyo."

Kisha akatuonyesha kitu ambacho tungependa kila msomaji wetu akione. Maji yalikuwa ya kiunoni, mwisho wa mwamba. Alitupa miwani, akatuelekeza kwenye jabali moja lenye umbo la kinu, akasema tutulie. Alikuwapo samaki mdogo kama kidole, mwembamba, mwenye mstari mweusi ubavuni na buluu mkiani, anacheza kwa kujinyonganyonga mbele ya jabali. Mbele yake alisimama pono mkubwa, kichwa juu, amefungua kinywa na matamvua. Yule mdogo akaingia kinywani mwake, akatoka kwa shavuni, akaendelea mapezini, akidonoa. Nyuma ya pono walingoja samaki wengine wawili, kama watu walio na tikiti za kliniki. Kijana alimwita "daktari".

Kazi yake ni kula vidudu vinavyonyonya damu ya samaki wengine. Mtafiti wa Australia, Alexandra Grutter, alihesabu kwamba mmoja wao hula takriban vidudu 1,200 kwa siku. Yeye na wenzake walifanya zaidi: katika baadhi ya miamba waliwaondoa samaki hawa wote, na kuendelea kuwaondoa kila walipotokea, kwa miaka minane na nusu. Miamba iliyokosa daktari ikawa na samaki wachache, wa aina chache. Hakuna aliyewavua hao wengine. Walidhoofika, wakahama, au watoto wao hawakuja kukaa.

Na samaki huyu ni katika wanaotafutwa sana kwa ajili ya mahodhi, kwa sababu ni mzuri, ni mchangamfu na bei yake si kubwa. Ndani ya kioo chenye samaki watatu hana wagonjwa. Vidudu vya kumtosha kwa siku moja haviko humo hata kwa mwaka. Wachache hujifunza kula chakula kingine. Wengi hukonda mbele ya macho ya watu wanaowapenda. Tulikumbuka pale sharti ya al-Qaffal, kumtimizia anachohitaji. Huyu anachohitaji ni mtaa mzima. Basi kumweka huyu sisi tunaona haifai, na hatusemi hivyo kwa kukisia. Mwenye kumfungia kiumbe asichoweza kumlisha, na hali anajua, kesi yake iko karibu na ile ya paka. Na madhara yake hayaishii kwake. Jirani zake aliowaacha kwenye jabali nao wana haki, na msingi wa sheria yetu ni kwamba pasiwe na kudhuru.

Samaki wa mikanda myeupe ana habari yake. Baharini haishi peke yake. Huishi kati ya vidole vya kiumbe laini chenye sumu, kilichogandamana na mwamba, ambacho humlinda naye hukilinda. Katika kila familia mkubwa ni jike, wa pili ni dume, na waliobaki ni wadogo wasiozaa. Jike akichukuliwa, yule dume hugeuka kuwa jike, na mkubwa wa wale wadogo hupanda kuwa dume. Mola ana hekima yake katika viumbe vyake. Lakini kugeuka huko huchukua muda, na kabla hakujatimia hakuna mayai. Mzamiaji anayechagua wakubwa kwa kuwa ndio wenye rangi, huchukua mama wa nyumba kila mara. Kijana alisema yeye huchukua wadogo na kuacha wawili wakubwa. Hakuna aliyemfundisha, aliona tu kwamba mahali alipochukua wakubwa, mwaka uliofuata hapakuwa na kitu.

Wapo watakaosema: mnahangaika na kitatange mmoja, nanyi jana mmekula changu wa kupaka. Hoja hii tumeisikia, na ina uzito wake. Yule wa kupaka amechukuliwa kwa haja iliyoruhusiwa, akafa mara moja, na deni letu kwake limekwisha pale tulipomla bila ya israfu. Yule wa kioo deni lake linaanza siku anaponunuliwa, na linaendelea usiku na mchana, tukiwa msibani au harusini, tokeni za stima zikiwapo au zikiisha. Hatusemi ni dhambi kumweka. Tunasema aliyemnunua akafa kwa uzembe, kisha akanunua wa pili kufidia wa kwanza, wa tatu kufidia wa pili, huyo hafugi samaki tena. Anawaua kwa awamu, na mwanawe amekaa pale akijifunza kwamba uhai una namba ya simu.

Tulirejea Bofu baada ya Adhuhuri, tukamweleza dada yetu tuliyoyaona. Aliuliza kwanza kama awarudishe watatu waliobaki baharini, apate thawabu. Tulimwambia asifanye haraka. Samaki aliyekaa miezi katika kioo aweza kubeba ugonjwa akawapelekea wenzake. Na kwa wale wenye samaki walioletwa kutoka bahari nyingine, kuwaachilia ni hatari kabisa: kuna samaki mwenye mapezi kama manyoya na miiba ya sumu, mwenyeji wa bahari zetu hizi, aliyeonekana huko Florida katika miaka ya 1980, na wataalamu wengi huamini kwamba aliachiliwa na watu wa mahodhi. Leo ameenea Karibiani yote akimaliza vitoto vya samaki wa wenyewe. Basi watatu hawa ni amana yake mpaka ajali yao ifike. Asinunue wa nne. Awe na pampu ndogo ya betri kwa ajili ya giza. Asibadilishe maji yote kwa siku moja. Na siku ambayo hodhi litakuwa tupu, kama moyo wa familia bado unataka, waliache tupu kwa wiki kadhaa, kisha watafute mwenye kuuza waliozaliwa kizuizini, na kama hapatikani, waseme hapana. Fedha anazolipa kwa wa kufidia zinatosha kuwapeleka watoto wote wale saba Shelly Beach kwa tuktuk maji ya bamvua yakitoka, na kijana amekubali kuwaonyesha lile jabali la kinu kwa malipo ya samaki mmoja.

Kuhusu mumewe, alituomba tumpigie sisi. Tuliahidi.

Kijana yule, tusisahau kusema, alitupa swali ambalo hatukuwa na jibu lake kamili. Alitoa simu akatuonyesha orodha aliyotumiwa na mnunuzi wa juma lile. "Daktari" alikuwa mstari wa pili, ishirini. "Maalim," alisema, "mimi nikimwacha, mwenzangu atamchukua. Na huko wanakokwenda hawasomi jarida lako." Tulimwambia hayo yote ni kweli. Tulimwambia pia kwamba vikao vya BMU, ambavyo sheria imevipa wenyeji wa fuo tangu mwaka 2007, ni mahali pa kulisema jambo hili kwa sauti ya wengi, mzamiaji na mvuvi wa dema wakiwa upande mmoja, na kwamba tuko tayari kuja kukaa nyuma ya chumba wakitaka. Alisema ataona.

Tulikuwa bado tunakunywa kahawa kwa mama pale stima ilipozimika. Feni ilisimama, taa ya buluu ikafa, mapovu yakakoma. Kakake alitoka nje kuangalia kama ni mtaa mzima. Yule mtoto, ambaye hana zaidi ya miaka minane, aliinuka bila ya kuambiwa, akaleta stuli na jagi, akapanda. Akachota maji ya hodhi, akayainua juu kadiri ya urefu wa mkono wake, akayamimina taratibu yaingie na hewa, akachota tena. Alikuwa akihesabu. Tulipoomba ruhusa ya kuondoka, kwa kuwa Alasiri ilikuwa karibu na feri haina ahadi, alikuwa amefika mia na arobaini.